1848: Vijana wa Ulaya walivyotimua wafalme kisha wakaangushwa debeni

Kama ulikuwa barabarani Juni 25, 2024, au ulifuatilia kila kitu kwenye simu huku mama akikukataza kutoka nje, kuna mwaka mmoja wa historia ya Ulaya unaofaa kuujua kabla ya Agosti 2027. Ni 1848. Mwaka huo wanafunzi wa vyuo, mafundi, waandishi na vibarua waliingia barabarani Paris, Vienna, Berlin, Milan na Pest, na katika muda wa wiki chache wakatikisa viti vya enzi kuanzia Sicily hadi Denmark. Ilipofika Desemba baadhi yao walikuwa gerezani, wengine uhamishoni, wengine kaburini. Na aliyevuna jasho lao nchini Ufaransa alikuwa mtu ambaye siku mfalme alipoanguka, yeye alikuwa zake London.

Habari za wafalme kukimbia zinasisimua, na nitazipitia. Lakini swali linalotuhusu wewe na mimi ni la karatasi za kura. Mbona watu walioshinda barabarani walishindwa debeni, tena na wapiga kura ambao wao wenyewe ndio waliowapa haki hiyo?

Tuanze na tumbo. Kuanzia 1845 kuna ugonjwa uliozesha viazi shambani kaskazini mwa Ulaya. Ireland peke yake ilipoteza takriban watu milioni moja kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1846 nafaka nazo zikakataa, bei ya mkate ikapaa. Sasa mtu anayemaliza mshahara wote kwa mkate hanunui kitambaa wala viatu, kwa hivyo viwanda navyo vikaanza kufuta watu kazi. Juu ya hayo, vyuo vikuu vilikuwa vikitoa mawakili na madaktari wengi kuliko nafasi zilizokuwepo. Hapo nadhani sihitaji kukuchorea picha.

Ufaransa ilikuwa na watu wapatao milioni 35 chini ya Mfalme Louis-Philippe, na waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa takriban 240,000 tu. Ili upige kura ilibidi uwe unalipa kodi ya moja kwa moja isiyopungua faranga 200 kwa mwaka. Mikutano ya kisiasa ilikuwa imebanwa na sheria, basi upinzani ukabuni ujanja ambao Mkenya yeyote aliyeona harambee ikigeuka kampeni ataufahamu mara moja: karamu. Unanunua tiketi, unakula, halafu mtu anasimama kuinua glasi, na hayo "machache" yake yanachukua saa nzima.

Serikali ilipiga marufuku karamu iliyopangwa Paris Februari 22. Watu wakajitokeza hata hivyo. Kesho yake mfalme alimfuta waziri wake mkuu, François Guizot, na ungedhani mambo yangetulia. Usiku huo askari wakafyatulia umati risasi katika Boulevard des Capucines, watu wapatao 50 wakafa, na maiti zikapakiwa kwenye mkokoteni zikazungushwa jijini kwa mwanga wa mienge. Kulipopambazuka, barabara zilikuwa zimejaa vizuizi vya mawe na miti. Februari 24 mfalme alivua taji, na siku chache baadaye akavuka bahari kwenda Uingereza akijiita Bwana Smith. Naam, Smith. Mfalme mzima.

Moto ukasambaa. Machi 13 wanafunzi na wafanyakazi wa Vienna walimwondoa Metternich, mzee aliyekuwa nguzo ya dola ya Austria tangu 1809, naye akaishia London. (Guizot pia alikuwa huko. Mwaka huo London ilikuwa kama steji ya vigogo waliofutwa.) Berlin ilipigana Machi 18, na siku iliyofuata Mfalme Friedrich Wilhelm IV alilazimishwa kutoka nje na kuvua kofia mbele ya maiti za watu waliouawa na askari wake.

Watu wa Milan walikuwa wameanza mapema zaidi, kwa mbinu ambayo binafsi naipenda kuliko zote. Austria ndiyo iliyokuwa ikiwatawala, na ilikuwa na ukiritimba wa tumbaku, kwa hivyo kila biri uliyoiwasha ilikuwa kodi kwa mkoloni. Januari 1 wakaacha kuvuta. Basi! Wanajeshi wakatumwa mitaani na biri midomoni kuwachokoza, fujo zikazuka, watu wakauawa. Machi mji huo ukapigana siku tano na kumtoa Jemadari Radetzky, mzee wa miaka 81. Alirudi Agosti.

Huko Pest, Hungary, Machi 15 ilianzia kwenye mkahawa wa Pilvax. Mshairi Sándor Petőfi, mwenye umri wa miaka 25, na wenzake waliingia kwenye kiwanda cha uchapaji, wakachapisha shairi lake na madai yao 12 bila kumwonyesha mdhibiti wa serikali, kisha wakavuka mto kwenda Buda na kumtoa gerezani mwandishi Mihály Táncsics. Yote hayo siku moja, na kwa karatasi tu.

Mpaka hapo hadithi ni tamu. Sasa twende kwa waliochukua usukani.

Serikali ya muda ya Paris ilikuwa na sura nyingi, ila uso wake ulikuwa Alphonse de Lamartine, mshairi mwingine. Mtu wa maneno kwelikweli: siku moja baada ya mfalme kuanguka, alisimama mbele ya umati uliotaka bendera nyekundu na akaubembeleza mpaka ukakubali ile ya rangi tatu ibaki. Na serikali hiyo, tuwe wakweli, ilifanya mambo makubwa haraka. Ilifuta adhabu ya kifo kwa makosa ya kisiasa. Aprili 27 ilitia sahihi amri ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, kwa juhudi za Victor Schœlcher. Hili linatugusa sisi pia. Kisiwa cha Réunion, huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi, kilitangaza uhuru wa watumwa Desemba 20, zaidi ya watu 60,000, na miongoni mwao walikuwepo waliotokana na watu waliouzwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Pwani yenyewe ilisubiri: Zanzibar hadi 1897, na Kenya hadi 1907.

Halafu ikatoa kura. Kila mwanamume wa miaka 21 na zaidi aliruhusiwa, na daftari likaruka kutoka watu 240,000 hadi zaidi ya milioni tisa. Wanawake waliachwa nje, licha ya Eugénie Niboyet na wenzake kuanzisha gazeti la kudai haki yao Machi hiyo hiyo. Wangesubiri hadi 1945 ndipo wapige kura kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika. Hazina ilikuwa tupu. Machi 16 serikali iliamua kwamba kila faranga moja ya kodi ya moja kwa moja iongezwe sentimu 45. Fikiria vizuri: ni nyongeza ya asilimia 45. Na kwa kuwa kodi hizo zililipwa zaidi na wenye ardhi, hata kipande kidogo tu, mzigo ulimwangukia mkulima. Mapinduzi yalikuwa na umri wa wiki tatu, na habari zake za kwanza kufika kijijini zilikuwa bili.

Wakati huo huo Paris ilikuwa imeanzisha mpango wa kazi za umma kwa wasio na ajira. Wakumbuka Kazi Mtaani, vijana wakizibua mitaro na kufyeka nyasi kwa malipo ya siku? Kitu cha namna hiyo. Waliosajiliwa walipita 100,000 kufikia Juni, na wengi wao hawakuwa na kazi ya kufanya, wakilipwa kidogo kwa kukaa. Mkulima aliyeuza mbuzi ili alipe zile sentimu 45 aliambiwa, na mabwanyenye wa kwao walihakikisha anaambiwa, kwamba pesa zake zinaenda kulisha wavivu wa jijini. Haikuwa kweli kabisa, kwa sababu deni lilikuwa la tangu enzi za mfalme. Lakini nani kutoka Paris alikuja kumweleza?

Wanaharakati wa Paris waliiona hatari. Walijua kijijini hawajulikani. Dawa yao ikawa ni kuandamana tena wakidai uchaguzi uahirishwe, nao ukasogezwa kutoka Aprili 9 hadi Aprili 23. Wiki mbili! Huwezi kuzunguka vijiji vya nchi nzima kwa wiki mbili, na kusema kweli wengi hawakujaribu. Mwandishi Alexis de Tocqueville, aliyekuwa mgombea Normandy, ameeleza jinsi wanakijiji wake walivyotembea pamoja siku hiyo ya Pasaka hadi kituoni, wakiwa wamepangwa kwa alfabeti, naye akiwa kati yao. Unadhani walimpigia nani? Bunge lililochaguliwa lilijaa wahafidhina na watu wa wastani waliokuwa wanajulikana mashinani tayari.

Bunge hilo halikuwa na hamu na mpango wa kazi. Juni 21 lilikuja agizo: vijana waingie jeshini, wengine waende mikoani. Juni 23 mashariki mwa Paris kukawaka. Siku nne, Jenerali Cavaignac akitumia mizinga ndani ya jiji. Askofu Mkuu wa Paris, Denis Affre, alipigwa risasi alipokwenda kwenye kizuizi kuomba amani, akafa. Waliouawa walikuwa maelfu, na maelfu wengine wakahamishiwa Algeria.

Kuna jambo moja la siku hizo ambalo haliniachi. Februari serikali ilikuwa imeunda kikosi cha vijana, ikiwakusanya mitaa ile ile ya maskini, wengine wana miaka 16 tu, kwa faranga moja na nusu kwa siku. Juni kikosi hicho ndicho kilichotangulia kuvamia vizuizi. Pande zote mbili za kizuizi kulikuwa na vijana wasio na kazi, waliotoka mtaa mmoja, na tofauti ilikuwa nani alisajiliwa kwenye orodha gani. Kila ninapoona picha za makundi ya kukodiwa yakiwa na rungu katikati ya Nairobi, hao ndio ninaowakumbuka.

Desemba 10 Wafaransa walichagua rais. Cavaignac alipata takriban kura milioni 1.4. Lamartine, yule aliyebembeleza umati Februari, hakufikisha hata kura 25,000 nchi nzima. Mshindi alikuwa Louis-Napoléon Bonaparte kwa takriban kura milioni 5.4, karibu robo tatu ya zote.

Huyu alikuwa nani? Mpwa wa Napoleon wa kwanza, aliyekulia nje ya nchi, aliyejaribu mapinduzi mara mbili na kuangukia pua. Aprili 10 mwaka huo huo, vuguvugu la Chartist lilipokusanyika London kudai haki ya kura kwa wafanyakazi, yeye alijitolea kama askari msaidizi wa kuwazuia. (Ombi la Chartist lilidaiwa kuwa na sahihi zaidi ya milioni tano. Makarani wa Bunge walihesabu chini ya milioni mbili, na mojawapo ilikuwa ya Malkia Victoria. Kabla ya akaunti feki za X, kulikuwa na hizo.) Hakuwa na chama cha maana. Alikuwa na jina. Picha ya mjomba wake ilitundikwa ukutani katika nyumba nyingi za vijijini, alimwahidi kila mtu kitu, na hakuwepo Paris wakati kodi ya sentimu 45 ilipotangazwa. Kwa mkulima, hiyo ilikuwa sifa tosha.

Wengine husema mwanakijiji alikuwa mjinga. Mimi sikubali. Alikuwa na kura moja ya kumwadhibu aliyemwongezea kodi, na akaitumia. Ushahidi ni kwamba baadaye, mrengo wa kushoto ulipoanza hatimaye kwenda mashinani na kuzungumzia mikopo ya bei nafuu kwa mkulima, ulizoa takriban theluthi ya kura katika uchaguzi wa Mei 1849. Wakubwa wakashtuka. Mei 31, 1850 Bunge likapitisha sheria kwamba mpiga kura lazima awe ameishi mahali pamoja miaka mitatu. Takriban watu milioni tatu wakafutwa daftarini, hasa vibarua, wapangaji na vijana wa kuhamahama kutafuta riziki. Desemba 2, 1851 Louis-Napoléon akapindua jamhuri yake mwenyewe, na waliojitokeza na silaha kuitetea walikuwa, amini usiamini, wanavijiji wa kusini. Zaidi ya watu 26,000 walikamatwa. Mwaka mmoja baadaye akajiita mfalme wa wafalme, Napoleon III.

Hungary nako si tofauti sana. Juni 1848 Petőfi, kijana aliyekuwa maarufu kuliko wote, aligombea ubunge Szabadszállás, eneo alilolijua tangu utotoni. Wapinzani wake walimwaga uvumi na pombe, na akalazimika kuondoka akiwa ameshindwa. Alitoweka vitani Julai 31, 1849, akiwa na miaka 26.

Kuna kijana mmoja aliyefanya kinyume. Hans Kudlich alikuwa mwana wa mkulima kutoka Silesia, mwanafunzi wa sheria, na mbunge mdogo kuliko wote katika Bunge jipya la Vienna akiwa na miaka 24. Hakuanza na bendera wala katiba. Julai 24, hotuba yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya kupendekeza kufutwa kwa utumishi wa wakulima kwa mabwana wao, pamoja na shokoa, ile kazi ya bure ambayo katika sehemu nyingi ilikula siku kadhaa za kila juma. Septemba 7 ikawa sheria. Hakuna jambo lingine la 1848 katika dola ile lililobadilisha maisha ya watu wengi hivyo, na mfalme aliporudisha nguvu zake hakuthubutu kulifuta.

Ila hata hapo kuna uchungu. Oktoba, majeshi yalipozingira Vienna, Kudlich alikwenda mashambani kuwaomba wakulima waje kuutetea mji. Hawakuja. Walikuwa wamepata walichotaka, na ya wanafunzi wa Vienna yalikuwa ya wanafunzi wa Vienna. Mji ukaanguka mwisho wa mwezi. Desemba 2 kiti cha enzi kikapewa kijana wa miaka 18, Franz Joseph.

Ukitumia kalenda ya Paris, Juni 26, 2024, siku Rais Ruto alipotangaza kuwa hatatia sahihi Mswada wa Fedha, ilikuwa Februari yetu. Aprili yetu bado. IEBC ilirejelea usajili wa wapiga kura mwishoni mwa Septemba 2025, na bila shaka unamjua mtu aliyebeba bango 2024 ambaye hadi leo hana kituo cha kupigia kura, au ana kituo Kitui na maisha yake yote yako Rongai, na nauli ya Agosti hajaifikiria. Hilo ni la kwanza. La pili ni la wagombea watakaokuja na picha zao za maandamano wakikuomba kura. Muulize kila mmoja amekaa lini na mkulima wa majani chai wa Kericho kuzungumzia bonasi, au na mkulima wa miwa wa Mumias kuhusu malipo yaliyochelewa, na alimwahidi nini kinachoweza kuandikwa kwenye sheria. Jibu likiwa ni idadi ya wafuasi TikTok, mkumbuke Lamartine na kura zake.

Kudlich alitoroka, akahukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, akaenda Marekani na kuwa daktari mjini Hoboken, New Jersey. Wakulima wa kwao walimjengea minara ya kumbukumbu angali hai. Franz Joseph alitawala hadi alipofariki Novemba 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kudlich alifariki Novemba 1917, akiwa na miaka 94.